Soma Herufi, Usisome Maneno

Mimi nikisema kompyuta yako inahitaji Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, nimemaliza. Ukitaka kubisha, kaa hapo kwenye benchi tubishane, lakini ukiinuka utaondoka na Linux. Hivyo ndivyo nilivyoendesha kibanda changu cha ufundi pale Kaloleni, upande wa nyuma ya uwanja, kwa miaka zaidi ya kumi: mwanamke mmoja, meza mbili, bisibisi na mdomo. Wateja walinizoea. Kuna waliokuja na kompyuta nzima kabisa, haina tatizo lolote, ili tu wanisikie nikigombana na habari.

Maana habari nazisoma. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, nakunywa chai kwa muuza chapati jirani yangu na kumsomea habari za teknolojia kutoka kwenye simu, atake asitake. "Haya, kampuni nyingine kubwa huko nje imeibiwa paswedi za wateja," nasema. Ananiuliza, "Na yangu imo?" Namuuliza, "Yako ni ipi?" Anajibu bila hata kupunguza sauti, "Moja mbili tatu nne." Namwambia, "Basi wewe hawana haja ya kukuibia." Wateja wake wanacheka, naye anacheka, na kesho yake paswedi ni ile ile. Siku nyingine habari zinasema akili mnemba itachukua kazi za watu wote, na yeye anataka kujua kama itaweza kugeuza chapati bila kuunguza vidole. Msimamo wangu haujabadilika hadi leo: nusu ya habari hizo zimeandikwa na watu wenye kitu cha kuuza, na nusu nyingine zinasema jambo moja tu, kwamba mtu fulani alibofya alichokatazwa kubofya. Ukijua hilo, unaweza kumaliza chai yako kwa amani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni Linux ipi ni nzuri, maana ziko nyingi. Aisee, hilo ni sawa na kumuuliza Mchaga ndizi ipi ni nzuri. Nzuri kwa nini? Kuna za kuchoma, kuna za supu ya mtori, kuna za kuivisha, kuna za pombe ya mbege, na ukichanganya utakula kitu cha ajabu. Chalii wa chuo anayetaka kuonyesha wenzake nampa ile inayobadilika kila wiki, aivunje, aitengeneze, ajifunze adabu. Mtu wa ofisini nampa inayofanana na alichozoea, asinipigie simu kuniuliza kitufe cha kuzima kimehamia wapi. Mzee nampa ile ya wakongwe, isiyo na haraka, inayokaa miaka bila kumletea jipya. Mzee hataki kufungua kompyuta asubuhi akute imebadilika rangi.

Hiyo ya wakongwe ndiyo niliyompa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mzee Mmeru, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi kwenye shamba la migomba juu ya Tengeru, kule barabara inapoanza kuupanda mlima kwa kweli. Siku ya kwanza alikuja kibandani na kompyuta mpya ndani ya mfuko wa salfeti, ameikumbatia kama amebeba kuku asiyetaka kwenda sokoni. Watoto wake walimnunulia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa anakusanya maneno ya Kimeru. Alikuwa anatembea kwa miguu kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine, bibi mmoja hadi mwingine, anauliza: hii sehemu ya paa la nyumba ya zamani iliitwaje? Ng'ombe wa rangi hii? Mvua ya aina hii, ile nyembamba ya asubuhi? Aliandika kwenye madaftari, mpaka mchwa wakaingia kabatini na kumlia herufi A hadi K. Yaliyobaki, na yale aliyoyakumbuka, aliyahamishia kwenye kompyuta, kisha madaftari yaliyobaki nayo yakaishia kwa mchwa.

"Sasa mwanangu," aliniambia, "mimi naogopa kitu kimoja. Kuna watu wananisubiri nimalize, wachukue, wachapishe kwa majina yao."

Watu hao, alivyonieleza, walikuwa wazee wenzake. Kulikuwa na kamati ndogo ya kukubaliana namna ya kuandika Kimeru, na Mwalimu alikuwa amegombana nayo karibu yote. Kuna sauti katika lugha yao ambayo si r, si l, si d, inapita katikati ya zote. Kamati iliamua iandikwe hivi, Mwalimu akasema huko ni kuua lugha, ataiandika anavyojua yeye mpaka aingie kaburini. Nilimpenda hapo hapo. Mtu mbishi namtambua kwa mbali.

"Mwalimu, hiyo ni shida ndogo," nikamwambia. "Tutaifunga diski nzima kwa maneno ya siri. Bila maneno hayo, hata mimi niliyeifunga siwezi kuifungua. Chagua maneno ya Kimeru. Hakuna mwizi duniani mwenye kamusi ya Kimeru."

"Kamusi yenyewe ndiyo hii ninayoandika," akasema.

"Basi tumemaliza!"

Tulicheka sana, na mimi nilijiona nina akili mno. Nikampa masharti yangu, yale ninayompa kila mtu: usiandike popote, usimwambie mtu yeyote, hata mama watoto. Kisha nikageuka. Nina desturi hiyo, mteja anapoandika maneno yake ya siri mimi hugeukia ukutani na kusoma kalenda mpaka aniambie tayari. Nikasikia vidole vyake, taratibu, herufi moja moja, kama anayeandika ubaoni. Alipomaliza akaniuliza, "Na nikisahau?"

"Mwalimu, wewe hujasahau jina la mwanafunzi hata mmoja."

Sasa niseme ukweli, maana ndipo kosa langu lilipo. Kufuli la namna ile linakubali ufunguo wa pili. Unaweza kuweka maneno mengine ya siri, ya mtu mwingine, na yote mawili yakafungua. Nilijua. Ni kazi ya dakika mbili. Sikumweleza hata kwamba kipo kitu kama hicho, kwa sababu niliona ufunguo wa pili ni udhaifu, na mimi si fundi wa udhaifu. Nikamtengenezea na nakala kwenye flashi mbili, akae nazo nyumbani, nazo nikazifunga kwa maneno yale yale. Nilimpa mkono nikijisifu.

Kwa miaka miwili kila kitu kilikwenda vizuri. Alikuwa anafungua kompyuta yake kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe, na kila alipokuja mjini alipita kibandani kunisalimia na kuniletea ndizi. Kisha, wakati wa masika, alipata kiharusi.

Nilisikia baadaye, alipokuwa ameshatoka hospitali. Mke wake ndiye aliyenipigia. Mama yule nilikuwa nimemwona mara mbili tu, mwanamke mfupi, mkimya, wa kukupima kwanza kabla hajakupa kiti. "Mwanangu," akasema, "Mwalimu anataka kompyuta yake. Nimemwashia, inauliza kitu, halafu inakataa. Tangu Jumatatu anahangaika nayo."

"Mama usiwe na wasiwasi. Jumamosi niko hapo, nafungua mara moja."

Mara moja! Jamani, mdomo wangu huu.

Jumamosi ni siku ya soko, nikashuka Tengeru katikati ya nyanya na mbuzi, nikapanda mlima kwa miguu. Mwalimu alikuwa kwenye kiti barazani, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu ya paja hautaki kazi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Nikapiga goti kidogo, "Shikamoo Mwalimu."

"Ma... ra... haba." Ilimchukua muda. Huyu ni mtu ambaye marahaba yake ilikuwa inasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nilijisikia vibaya, nikajifanya natafuta chaja kwenye mkoba.

Tatizo lilikuwa hivi. Maneno yake ya siri alikuwa hajayasahau hata kidogo, lakini yaliyokuwa yanajua kuyaandika ni vidole vya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa unagonga herufi mbili kwa pamoja, na Linux niliyomchagulia, kwa usalama zaidi, haionyeshi hata nukta unapoandika maneno ya siri. Huwezi kujua umekosea wapi. Ukikosea mara tatu, unaanza upya kuwasha. Alikuwa amefanya hivyo tangu Jumatatu.

"Basi niambie mimi, Mwalimu, nitaandika. Tukishafungua tutabadilisha."

Akamtazama mke wake kwanza. Kisha akasema, kwa shida, sentensi nzima ya Kimeru. Mama alikuwa anamenya ndizi pembeni. Kisu kikasimama. Akavuta khanga akajifunika uso mzima, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Ee Mungu wangu! Ana nini huyu mzee!"

"Kasema nini, mama?"

"Ni swali."

"Swali gani?"

"La zamani," akasema, akarudia kumenya ndizi kwa nguvu. "Wewe andika tu."

Nami nikaandika, tena kwa kujiamini. Mimi ni mtu wa Machame, na Kimachame na Kimeru ni ndugu, maneno mengi tunasikilizana. Nikajiambia, hili neno hata kwetu lipo. Nikaliandika kama tunavyoandika kwetu. Ikakataa. Nikamwomba mama aitamke taratibu, nikaweka l. Ikakataa. Nikaweka d. Ikakataa, ikaniambia nianze upya. Nikavuta irabu ya mwisho, nikaifupisha ya kwanza, nikatenganisha maneno, nikayaunganisha. Mama akakumbuka karatasi za kamati, zile za sheria za uandishi, akaenda kuzileta. Nilikuwa sijazikunjua vizuri Mwalimu akapiga kelele kutoka kwenye kiti, "La!" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kutoka safi siku hiyo. Tulijaribu hata hivyo, kwa kuiba, na ikakataa.

Kufika saa nane mchana nilikuwa nimejaza kurasa nne za daftari kwa namna za kuandika sentensi moja. Chai imepoa mara mbili. Nikamtazama Mwalimu, nikaona machozi yanamtoka, jicho moja tu, lile jingine halikuwa linatii. Akanyoosha kidole cha kushoto kwenye kompyuta, kisha akakielekeza kule bondeni, kwenye maboma ya watu.

"Wa... me... kufa," akasema.

Nilimwelewa. Wale wazee na mabibi aliokuwa anawauliza maneno, wengi wao wameshazikwa. Hakuna wa kwenda kumuuliza tena. Miaka kumi na moja ya kutembea kwa miguu, majina ya mvua na ya ng'ombe na ya mapaa, yote yalikuwa ndani ya kile kisanduku mbele yangu, na aliyeyafungia humo si mwizi wala kamati. Ni mimi. Niliogopa kweli. Katika maisha yangu ya ufundi nimeshapoteza mafaili ya watu, picha za harusi, hata ripoti ya mtu siku moja kabla hajaiwasilisha, na kila mara nilikuwa na maneno ya kujitetea. Siku hiyo sikuwa nayo.

"Mwalimu, nisamehe," nikasema. "Kulikuwa na ufunguo wa pili. Ungeweza kuwekwa. Nilijua, na sikuuweka."

Mama ndiye aliyeuliza, bado ameinamia sufuria, "Huo wa pili ungekuwa wa nani?"

"Wako, mama."

Akaweka kisu chini, akainuka, akaingia ndani. Nikajua amekasirika, na ana haki. Nikaanza kukusanya vitu vyangu ili asikute nimekaa kizembe. Nikasikia sanduku la bati linaburutwa sakafuni. Alipotoka alikuwa na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha zamani, akakifungua kwenye mapaja yake, akimpa mumewe mgongo. Zilikuwa barua. Karatasi za mistari, zimekuwa za kahawia kwenye mikunjo.

"Alikuwa amepangwa kufundisha mbali, kusini huko, kabla hatujaoana," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mnabishana tangu asubuhi hili neno linaandikwaje. Huyu mzee hajabadilisha namna yake ya kuandika tangu ujana. Hilo swali lake limo humu."

Mwalimu kule nyuma akaguna. Nadhani hakujua kama barua zile bado zipo.

Mama akachagua moja, akaikunja hapa, akaikunja pale, akafunika mistari ya juu kwa kiganja kimoja na ya chini kwa kingine, ukabaki mstari mmoja tu. Kisha akanitazama machoni.

"Soma herufi, usisome maneno."

Nimesoma maonyo mengi ya usalama maishani, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na hakuna lililonifanya nitii kama hilo. Nilisoma herufi. Hii ni n. Hii ni irabu. Na pale penye ile sauti iliyotutesa, alikuwa ameweka r na kuifuatisha h, kitu ambacho si sisi Wamachame, si kamati, si mtu yeyote mwenye akili zake angekifanya. Na irabu ya mwisho aliiandika mara mbili. Nikanakili kama mtoto wa darasa la kwanza, nikahakiki mara tatu, nikawasha, nikaandika, nikabonyeza.

Ikakataa.

Loo! Nilitaka kuitupa kwenye migomba. Nikaandika tena, polepole. Ikakataa. Mama akarudi kutazama karatasi, mimi nikatazama karatasi. Ndipo Mwalimu akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, pa, pa, pa, kama anayenyamazisha darasa. Tulipogeuka, akainua kidole akachora hewani ndoano, na chini yake akachoma nukta.

"Alama ya kuuliza!" nikapiga kelele. "Mwalimu! Umeweka na alama ya kuuliza?"

Akanitazama kwa dharau kabisa, ile ya mwalimu anayeulizwa kama sentensi huanza kwa herufi kubwa. Ningetegemea nini? Mtu ameweka swali, aliache bila alama yake?

Nilibakiwa na jaribio moja kabla ya kuanza upya. Nikaandika yote, nikamaliza kwa alama ya kuuliza. Kioo kikawa cheusi, kisha ikafunguka, na picha ya mlima aliyoiweka mwenyewe kwenye kioo ikatokea. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nikamsogezea Mwalimu kompyuta kwenye blanketi, nikafungua orodha yake, naye akaishusha kwa kidole cha kushoto mpaka mwisho kabisa, kwenye neno aliloliacha nusu siku ile ya kiharusi. Akaliongezea herufi zilizobaki. Alikosea mbili, akazifuta, akazirudia, akapumua.

Siku hiyo hiyo nilifanya nilichopaswa kufanya miaka miwili nyuma. Nakala moja niliiacha bila kufuli lolote, aikabidhi kwa mtoto wake mkubwa. Bado nasema diski ifungwe, bado nasema usiandike paswedi kwenye karatasi na kuibandika ukutani, na muuza chapati bado namsema. Lakini siku hizi namuuliza kila mteja kwanza: wewe ukiugua, nani atafungua?

Siku ile, kabla sijaondoka barazani, nikamgeukia mama. "Haya, mama. Ufunguo wa pili ni wako. Kaa hapa."

"Mimi sijui kompyuta."

"Hakuna anayekuomba ujue kompyuta. Andika kitu ambacho hutakisahau, hata ukiamshwa usingizini."

Akafikiri. Akafuta mikono kwenye khanga, akavuta kigoda. Nami nikageukia ukutani kama kawaida yangu, nikasoma kalenda ya kanisa, miezi yote, na siku zote za sikukuu. Nyuma yangu kidole kimoja kilikuwa kinatafuta herufi, kinaipata, kinagonga, kinapumzika. Mfumo ulimtaka aandike mara mbili kuhakikisha, akaandika mara mbili, na ukakubali bila kusumbua. Mimi nilihangaika tangu asubuhi.

"Mama, una hakika utakumbuka ulivyoandika?"

"Nitakumbuka. Nimeandika jibu."

Kisha nikamsikia Mwalimu, taratibu, anaikusanya sauti yake kipande kwa kipande. "Ji... bu... li... pi?"

"La pili," akasema mama. "La kwanza si nilikukatalia?"

Mwalimu akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, kirefu, mpaka akakohoa, na mimi nikaendelea kuisoma kalenda.